Mwenye Kuitika

Usiku wa Timau una baridi. Mji huu uko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua, gitaa lililotyuniwa mchana halifai tena. Waya wa chuma ukipigwa na baridi hujikaza, sauti yake ikapanda. Vidole vya mpigaji vikishaupasha joto, hulegea, sauti ikashuka. Kwa hiyo kila anayepiga gitaa huku kwetu, awe kwenye baa ya mugithi kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru au kwenye harusi katikati ya mashamba ya viazi, huanza kwa kuinamisha kichwa, sikio karibu na ubao, akizungusha vigingi kidogokidogo. Wengi huona hapo anawapotezea muda. Mimi naona muziki umeshaanza.

Akiwa peke yake, mpigaji anaweza kuuficha uzi uliopotoka kidogo. Akikaa na mwenzake, hakuna pa kuuficha. Nyuzi mbili zilizokaribiana bila kulingana, ukizipiga pamoja, sauti yake hudunda: inavimba, inapungua, inavimba tena. Kaza moja kidogo, mdundo unapunguza kasi. Kaza tena, kwa unyenyekevu zaidi, mdundo unakuwa mrefu, mzito, mpaka unatulia na sauti mbili zinakaa pahali pamoja. Hakuna aliyezaliwa na sikio hilo. Hupatikana kwa kukaa na mwenzako jioni baada ya jioni, hadi mmoja anajua, hata kabla uzi haujapigwa, mwenzake anaelekea wapi.

Ufundi huu wa watu wawili, sauti zao na nyuzi chache, ndio ninaousifu hapa. Nao una siri moja inayopita kirahisi masikioni mwa wengi: kipimo chake ni yule wa pili, mwenye kuitika. Anayeongoza hutuvutia kwa haraka. Jina lake huandikwa mbele na macho humfuata. Lakini ukitaka kujua kama wawili hao ni mafundi kweli, msikilize anayejibu.

Wawili walionifundisha hayo ni Wagogo. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika Mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, nchi kavu ya mifugo, mtama na uwele. Mtu wa Timau anayeshuka kwenda Isiolo akaona kijani kikiisha na vumbi kuanza anaweza kuipata picha ya nchi hiyo. Huko, kuimba ni sehemu ya kuchunga, ya mavuno, ya jando na ya kukaribisha mgeni. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere, aliyetaka taifa changa lijivunie sanaa zake, alimwita Hukwe Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, mji wa pwani ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, chuo ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hapo alifundisha, akaunda ala, akalea ukoo mzima wa wanamuziki. Alifariki hukohuko Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003.

Pembeni yake kwa miaka mingi alikuwapo Charles Zawose, kijana wa ukoo huohuo. Walisafiri pamoja, wakaimba pamoja, na mwaka 2002 wakatoa albamu ya Assembly na mpiga gitaa Michael Brook, kupitia Real World, kampuni ya muziki iliyoanzishwa na Mwingereza Peter Gabriel. Charles naye alifariki mwaka 2004, muda mfupi baada ya mzee wake. Waliacha rekodi za kutosha kwa mtu yeyote mwenye simu na subira kujifunza kutoka kwao.

Tuanze na zeze, ala ya nyuzi ya Wagogo. Ukiliona limelala huwezi kudhani lina sauti. Ni mti uliochongwa uwe shingo, kibuyu kilichowambwa ngozi kiwe tumbo, nyuzi mbili, na upinde mfupi. Nyuzi zilikuwa zikitengenezwa kwa kano za wanyama. Siku hizi ni waya. Upinde hulowanishwa au hupakwa utomvu ili ushike, kwa maana upinde mkavu huteleza juu ya nyuzi na kutoa pumzi tupu. Shingo haina vile vipande vya chuma vinavyomwonyesha mpiga gitaa pa kubonyeza, kwa hiyo kidole hutafuta sauti kwa sikio peke yake, na kikikosea kwa upana wa kucha, kila mtu anajua. Hukwe hakuridhika na nyuzi mbili. Aliunda mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi, tumbo likiwa pana, sauti ikawa nene ya kujaza ukumbi.

Kinachotoka humo kina mikwaruzo. Sikio lililozoea kinanda cha kanisani litasema hiyo ni sauti chafu. Lakini Wagogo wanaitaka mikwaruzo hiyo na huifanyia kazi. Tazama ilimba, ala yao ya vijiti vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, ambayo Hukwe aliipiga kwa vidole gumba huku akiimba. Kwenye ubao wake hutobolewa matundu madogo, kisha matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui. Kijiti kikipigwa, utando hutetemeka na kutoa mvumo mwembamba unaoizunguka sauti. Na katika ilimba kubwa viko vijiti ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakipigwa. Fundi ametengeneza, ndani ya ala moja, vijiti ambavyo kazi yao yote ni kuitika.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha muziki wa Wagogo, na yeyote mwenye gitaa anaweza kukijaribu jioni ya leo. Piga waya mnene ulio wazi, usikilize. Kisha uguse katikati yake kwa ncha ya kidole bila kuubonyeza, upige tena: utasikia sauti ileile, imepanda ngazi nzima. Gusa kwenye theluthi yake, itatoka nyingine. Gusa kwenye robo, nyingine tena. Sauti hizo hukuziumba wewe. Zilikuwemo ndani ya ule waya tangu ulipoupiga mara ya kwanza, zimejificha chini ya sauti kuu, moja kwa kila mgawanyo: nusu, theluthi, robo, moja ya tano, na kuendelea.

Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, ameeleza kuwa ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya sauti hizi zilizofichika, kuanzia ile ya nne, yaani ya robo, hadi ya tisa. Ukizipanga unapata sauti tano, kwa kuwa ya nane ni ya nne iliyojirudia juu zaidi. Na ile ya saba haipo kwenye kinanda chochote cha dukani: iko chini ya sauti ya kinanda iliyo jirani nayo kwa karibu theluthi ya hatua ndogo kabisa ambayo kinanda kinaijua. Ndiyo maana mtu akiusikia wimbo wa Kigogo kwa mara ya kwanza huhisi kuna pahali sauti imeinama. Haijakosea njia, imekaa mahali ambapo uzi wenyewe umeiweka.

Sasa wawili wakiimba, yule wa pili anafanya nini? Mara nyingi mwitikiaji huruka sauti moja ya ngazi: mwenzake akiwa kwenye ya sita, yeye yuko kwenye ya nane, mwenzake akishuka kwenye ya tano, yeye anashuka kwenye ya saba. Kanuni ni fupi, mtoto anaweza kuielewa. Kuitekeleza ni kazi ya miaka. Umbali kati ya sauti zao haubaki uleule, hupanuka na kubana kadiri zinavyosogea, na anayeitika lazima abadilike pamoja nao bila kuonekana anahesabu. Anapopatia, sauti za wawili huungana na ile ya zeze, na sikio linasikia sauti ya tatu, nene, inayotoka chini, ambayo hakuna aliyeiimba.

Sauti ya Hukwe ilisifiwa kila alikokwenda, na ilistahili. Angeweza kuanzia chini kabisa, kwenye mkoromo wa kifuani, kisha aruke hadi juu kwenye sauti nyembamba inayokaribia mluzi, halafu arudi, na katika safari hiyo yote maneno yabaki yanasikika. Aliyeimba naye alikuwa na mtego mbele yake. Angeweza kumwiga, naye angeonekana kivuli. Au angeweza kushindana naye, na wimbo ungegeuka mabishano. Charles hakufanya mojawapo. Sikiliza anapoingia: huingia mzee akiwa bado hajamaliza pumzi, lakini ameshamaliza neno, kwa hiyo hakuna kinachofunikwa. Hukwe akipanda, Charles hubaki pale katikati na kumwekea sakafu. Hukwe akishuka kwenye mkoromo, Charles huinua sauti yake wazi na nyepesi, na wimbo unapata dari. Kengele za miguuni, ambazo Wagogo huziita nguga, huwashikia wote wawili mwendo. Wamegawana kazi bila kuitangaza, kama wawili wanaovuta msumeno mrefu wa kupasulia magogo, ambapo kosa kubwa la anayeanza ni kusukuma wakati ambapo anapaswa kuachia.

Kuachia huko ndiko ninakokustaajabia zaidi. Mtu aliyejaliwa koo na vidole hupenda vitumike. Kukaa na uwezo mkononi, ukachagua sauti moja pale ambapo ungeweza kutia nne, ni adabu inayofundishwa polepole, na mara nyingi kwa kusikiliza wakubwa. Huwezi kuipata kwa kujirekodi peke yako chumbani.

Kenya pia ina shule yake ya adabu hiyo, iliyopokewa kwa sehemu kutoka Kongo, na wazee wa Timau wanaikumbuka kutokana na redio. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Katanga, nchini Kongo, mwaka 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji ambao leo unaitwa Likasi. Bosco na binamu yake Edouard Masengo walifika Nairobi miaka ya 1950, na nyimbo zao za Kiswahili cha Katanga zikaenea hadi mashambani. Bosco alipiga gitaa kavu, lisilo na umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikatembeza wimbo, na vidole hivyo viwili vilikuwa na nia mbili tofauti kiasi kwamba aliyesikia redioni angeapa kuna magitaa mawili. David Rycroft, msomi aliyeandika upigaji wa Bosco kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilazimika kuufuata mdundo kwa mdundo, kwa kuwa gumba na shahada havikukubali kuanza hesabu mahali pamoja.

George Mukabi wa Kisa, Magharibi mwa Kenya, alikuza njia yake ya vidole hivyohivyo, na mtindo huo ukajulikana kama omutibo. Kwake, gumba lilipokezana kati ya nyuzi nene bila kuchoka, shahada ikichezacheza juu. Pembeni alikaa mwenzake na chupa ya soda yenye mistari, akiikwaruza na kuigonga, na sauti ya pili ikafuatana na ya Mukabi bega kwa bega. Alifariki mwaka 1963, bado kijana, lakini wapigaji wa Uluhyani wanaendelea kujipima kwa vidole vyake. Na yule wa chupa? Jaribu kuiondoa chupa hiyo kichwani unaposikiliza, uone kilichobaki. Gitaa linakuwa limetangulia bila barabara. Mkwaruzo wa kioo ndio unaolipa gitaa uhuru wa kuchelewa kidogo, kuwahi kidogo, kucheza na muda, kwa sababu upo mkono mwingine unaoushika muda usitoroke.

Kwa hiyo iwe ni zeze la Dodoma, gitaa la Katanga au chupa ya Kisa, jambo ni lilelile. Uhuru wa mmoja unalipiwa na uthabiti wa mwingine, na katika wawili walio hodari, malipo hayo hubadilishana: ubeti huu unashika wewe, unaofuata nashika mimi.

Ufundi huu haukufa na Hukwe na Charles, na njia uliyopitia kuishi inastahili kuelezwa. Katika desturi ya Wagogo zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake walikuwa na ngoma zao, muheme, ambazo huzibana kati ya mapaja na kuzipiga kwa nguvu za kutikisa uwanja, pamoja na sauti zao za kuitikia. Katika nyumba ya akina Zawose kule Bagamoyo, wasichana walikua wakisikia ala zikitengenezwa na kutyuniwa kila siku. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walikuwa miongoni mwao. Leo wanajulikana kama The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kupitia kampuni ileile ya Real World. Wanaimba, wanapiga ngoma, na wamezichukua mikononi ala zilizokuwa za wanaume.

Kinachonifurahisha katika uimbaji wao ni kwamba miaka yote ya kuwa waitikiaji haikupotea. Mtu aliyelelewa katika kuongoza tu, akipewa mwenzake, hujikuta hana la kufanya mwenzake anapoimba. Pendo na Leah walijifunza kwanza kusikiliza. Wanapobadilishana uongozi hakuna mshono unaoonekana, kwa kuwa kila mmoja amejua tangu utotoni ni sauti gani inahitajika chini ya nyingine. Waliokaa nyuma kwa vizazi walikuwa wameishika nusu nzima ya ufundi, na sasa wameongezea nusu ya pili.

Ninaandika haya nikiwafikiria vijana wa Timau, Kibirichia, Meru na Embu wanaotaka kushika muziki. Vipaji viko. Vyombo navyo vinapatikana. Gitaa la mitumba si ghali kama zamani. Lakini uchumi wa burudani umewasukuma wengi kuelekea mtu mmoja na mashine: mugithi wa gitaa moja na mdundo uliorekodiwa, au kinanda cha umeme chenye ngoma tayari ndani yake. Mwenye baa hulipa mtu mmoja badala ya wawili, na mpigaji harudi nyumbani na nusu ya malipo. Naelewa hesabu hiyo, na nimeona watu wakiipiga kazi hiyo kwa bidii kubwa na kuwachezesha watu hadi alfajiri. Hata hivyo mdundo uliorekodiwa una upungufu mmoja usioweza kurekebishwa: haukusikii. Ukichelewa, haukungoji. Ukipata wazo jipya katikati ya ubeti, hauna habari. Mtu anaweza kupiga nao miaka kumi na asifundishwe kuachia, kwa sababu hakuna anayehitaji nafasi yake.

Nyimbo za Kimeru na za Kiembu zenyewe zinadai mwenzako. Nyingi zimejengwa kwa mmoja kutoa na wengine kupokea. Ndivyo zilivyoimbwa kwenye mavuno, kwenye harusi na kwenye ngoma za rika. Kuzileta kwenye gitaa moja na mdundo wa mashine ni kumwacha mwimbaji aulize swali na kujijibu mwenyewe. Wawili wangetosha. Mmoja atoe, mwingine aitike. Mmoja ashike besi, mwingine aongeze kidogo juu. Hakuna haja ya jukwaa kwa mwaka wa kwanza. Kinachohitajika ni viti viwili, jioni zisizo na haraka, na makubaliano kwamba hakuna wimbo utakaoanza kabla nyuzi zote hazijatulia.

Na kwa sisi wasikilizaji ipo kazi pia. Ukipata rekodi ya Hukwe na Charles, usikilize wimbo mmoja mara mbili. Mara ya kwanza mfuate mzee, kwa kuwa hutaweza kujizuia. Mara ya pili mwache aende, ukae na Charles tangu anapoingia hadi mwisho: anapovuta pumzi, anaponyamaza, anapochagua sauti moja akaacha nyingine. Kisha wasikilize hivyohivyo vijana wawili watakaothubutu kupiga pamoja kwenye harusi ijayo, na ukitaka kuwapongeza, anza na yule wa pili.